Goti la Kushoto

Usianze na chuma, alisema Maureen Ibbotson.
Anza na boksi tupu la konfleksi,
mkasi wa jikoni, penseli iliyochongwa kwa kisu.
Kata goti la karatasi, lifunge kwa uzi juu ya goti lako,
panda nalo ngazi, shuka, chuchumaa.
Likikubana, umepoteza boksi.
Bati halisamehe hivyo.

Hapo ni Sheffield, Attercliffe, gereji nyuma ya duka la mazulia,
Novemba, saa kumi jioni na giza limeshaingia,
mvua nyembamba, hainyeshi wala haikomi.
Nilitoka zamu ya kufua mashuka ya hospitali,
mikono inanuka dawa,
nimekuja kuomba kazi, kazi yoyote.
Yeye aliendesha basi miaka kumi na tisa
mpaka mgongo ukagoma.
Sasa huwavika deraya makarani wa benki na walimu wa hesabu
wanaokwenda kupigana kwa mchezo Jumapili
kwenye ngome zilizobomoka.

Nilitafuta fuawe kwa macho. Hakuna.
Kuna gogo, limesimama kama mgeni aliyenyimwa kiti,
utosini lina shimo la ukubwa wa bakuli,
limechomwa kwa moto, likalainishwa kwa mapigo.
Humo ndimo bamba bapa hujifunza kuwa na tumbo.
Kuna jiliwa, limekazwa mezani kwa bolti nne,
na ndani ya meno yake kichwa cha chuma cha kuvutia trela
ambacho siku hizi hakivuti kitu,
kinavalishwa chapeo tu.
Kuna kipande cha reli.
Kuna mkasi wa bati, unauma kiganja chako kabla ya kuuma bati.
Na tupa. Bila tupa, alisema,
umetengeneza kisu ukakiita goti.

Kwetu husema, mchagua jembe si mkulima.
Nilimfasiria. Alicheka hadi akakohoa.
Basi mimi si mkulima, akasema. Nyundo ninazo kumi na moja
na kazi zinafanya tatu:
ya mviringo, kuzamisha;
ya uso bapa, kulainisha, na uisugue ing'ae,
maana kovu moja usoni pake
utaliandika mara elfu kwenye kifua cha mtu;
na hii ndogo, ya ribiti, ya marehemu baba.
Mpini umelika pale alipoweka kidole gumba.
Changu kiliingia humo humo.

Pamba za masikio nilisahau. Ziandike juu kabisa.

Ko. Ko. Ko. Kutoka ukingoni, kuja katikati,
mzunguko baada ya mzunguko, bila hasira.
Chuma kikipigwa sana hukakamaa, kinakuwa mkaidi.
Kipashe hadi kiwe rangi ya damu, kiache kipoe chenyewe,
nacho kitasahau yote uliyokitenda.
Nilitamani watu nao wangekuwa hivyo.
Kisha, nikigeuza bamba kwa koleo, nikatamani wasiwe.

Siku ya tatu Bwana Mirza wa mazulia aligonga mlango,
kelele hizi, wateja wangu, mnajua saa hizi ni saa ngapi.
Maureen hakujibu. Alimpa chapeo isiyokwisha, haina hata bitana.
Akaivaa, huku bado analalamika,
na ghafla akanyamaza.
Alisimama humo muda mrefu.
Nasikia ninavyopumua, alisema,
akaivua taratibu kwa mikono miwili,
akarudi dukani bila kufunga mlango.

Nilimaliza goti la kushoto mwezi wa pili.
Limepinda kidogo, na ribiti moja imelala upande
kama jino la mtoto.
Nilitia ukanda wa begi la zamani, nikalivaa chini ya suruali,
nikapanda basi la kurudi nyumbani,
nikakaa kiti cha dirishani.
Kila kona ya barabara liligonga chuma cha kiti cha mbele,
ting,
na mama mmoja akakagua mifuko yake
akidhani amedondosha sarafu.

La kulia bado ni konfleksi.